Nisomee uhandisi wa sauti chuoni, au ninunue vifaa nijifunze mwenyewe?

Swali: Nimekuwa nikitengeneza biti kwa kompyuta chumbani kwangu kwa miaka mitatu, na waimbaji kadhaa wamekwisha kuzitumia kazi zangu. Sasa nimepata nafasi katika chuo kinachofundisha uhandisi wa sauti na utayarishaji wa muziki kwa miaka mitatu. Marafiki wananiambia kwamba kila kitu kipo kwenye intaneti bure, na kwamba ada hiyo ingetosha kununua studio nzima. Mimi mwenyewe ninachohofia zaidi ni hesabu na fizikia, masomo ambayo shuleni yalinishinda. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, marafiki zako wana haki katika jambo moja: kuijua programu hakuhitaji chuo. Kukata sampuli, kupanga ngoma, kuweka kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) juu ya sauti ya mwimbaji, haya yote kijana mwenye subira huyapata kwenye video ndani ya mwaka mmoja, na kwa maelezo yako wewe umekwisha kuyapata. Kwa hiyo, ikiwa chuo ulichokubaliwa kinauza hayo tu, yaani kompyuta zilizopangwa safu kwa safu na mwalimu anayeonyesha pa kubofya, usiende. Lakini ikiwa kinakupa chumba kilichojengwa kwa ajili ya kusikiliza, watu wa kurekodi walio hai mbele yako, na mtu mwenye masikio makomavu anayeketi kando yako na kukuambia umekosea wapi, basi nenda, wala hesabu isikuzuie.

Ninasema hivyo kwa sababu matangazo ya kozi hizi huunganisha majina mawili kana kwamba ni kazi moja. Prodyuza ndiye anayeamua wimbo uwe nini: mwendo wake, ala gani iingie na ipi inyamaze, na ni jaribio lipi la mwimbaji lililobeba hisia hata kama silo safi kuliko yote. Mhandisi wa sauti ndiye anayehakikisha kwamba kilichotokea chumbani kimenaswa bila kuharibika, kimepangwa kikaeleweka, na kitatoka kwenye spika za mtu mwingine kikiwa kile kile. Siku hizi kazi zote mbili mara nyingi hufanywa na mtu mmoja, na hakuna ubaya. Ila wewe umeishi miaka mitatu katika kazi ya kwanza, na ya pili hujaigusa, kwa kuwa ile ngoma unayoivuta kutoka maktaba ya programu ilikwisha kuwekewa maiki, ikasikilizwa na kusafishwa na mtu usiyemjua. Umekuwa ukipika kwa viungo vilivyokwisha kusagwa.

Zamani kazi hiyo ya pili ilifundishwa studioni penyewe. Geoff Emerick aliingia studio za EMI za Abbey Road, London, mwaka 1962 akiwa kijana mdogo, akaanza na kazi za msaidizi, na kufikia mwaka 1966 ndiye aliyekuwa mhandisi wa The Beatles. Alijifunza kwa kukaa nyuma ya wakubwa wake na kuwatazama wakisogeza maiki. Ngazi ya namna hiyo ilihitaji studio kubwa zenye wafanyakazi wengi, na studio hizo zimepungua sana tangu kompyuta ilipochukua kazi ya mashine za mkanda. Mwenye studio ndogo leo hana mshahara wa msaidizi, wala hana kazi ya kumpa. Nafasi ya ngazi ile sasa imebaki kwa vyuo, na si vyote vinavyoijaza vizuri. Wazo la kuifundisha kazi hii chuoni, hata hivyo, si la jana. Mjini Detmold, Ujerumani, mafunzo ya wataalamu waitwao Tonmeister yalianza mwaka 1949, na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kikaanzisha kozi yake ya jina hilo mwaka 1970, kwa msingi kwamba mtu yule yule asome muziki kama mwanamuziki na sauti kama mwanafizikia.

Sasa nikuonyeshe kwa nini chumba nimekitaja mwanzo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea wimbo alioumiksi nyumbani, na besi yake ilikuwa nzito kiasi kwamba sauti ya mwimbaji ilizama ndani yake. Aliapa kwamba kwake besi ilisikika ya wastani, tena pengine ndogo. Nikaenda kukiona chumba chake. Kilikuwa na urefu wa karibu mita 3.4, na yeye alikuwa ameweka kiti chake katikati kabisa. Nikacheza mlio mmoja tu wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwenye spika zake, nikamwambia ainuke atembee polepole kuelekea ukutani. Pale kitini mlio ulikuwa karibu umepotea. Hatua mbili nyuma ulianza kurudi. Alipogusa ukuta ulikuwa ukivuma hadi akausikia kifuani. Hakuna aliyegusa kitufe chochote cha sauti. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 6.9, na nusu ya wimbi hilo ilikuwa imeenea sawasawa na urefu wa chumba chake. Mawimbi yaliyokuwa yakigonga kuta mbili na kurudi yalijumlishana penye kuta na kufutana katikati. Yeye, akiwa ameketi pale pa kufutana, aliona besi imepungua akaiongeza, na kadiri alivyoiongeza ndivyo alivyowaharibia wasikilizaji wote ambao hawakai kwenye kiti chake.

Ikwalaiza, yaani kifaa cha kuongeza au kupunguza besi na sehemu nyingine za sauti, haiwezi kutibu shimo kama hilo, kwa kuwa ukiongeza sauti inayotoka kwenye spika umeongeza pia ile inayorudi kuifuta. Dawa yake ni kuhamisha kiti, kuhamisha spika, na kuweka vifyonza sauti vinene penye kona, na hata hivyo chumba kidogo hubaki chumba kidogo. Studio ya chuo iliyojengwa vizuri inakupa mahali ambapo unachosikia ni kile kilichomo kwenye rekodi, na ukikaa hapo miezi michache masikio yako hupata kipimo utakachoondoka nacho. Studio nzima ambayo marafiki zako wanasema ungeinunua kwa ada ni vifaa tu. Chumba hakimo katika bei yao.

Kuhusu watu wa kurekodi na mtu wa kukusahihisha, nitakusimulia kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado mwanafunzi nilimrekodi mpiga gitaa kwa maiki mbili, moja karibu na tundu la gitaa na nyingine nyuma yake kidogo, nikiamini kwamba mbili ni bora kuliko moja. Kila maiki nilipoisikiliza peke yake ilikuwa nzuri. Nilipozichanganya, gitaa likasikika kama linapigwa ndani ya bomba. Nilihangaika na ikwalaiza kwa muda mrefu, mpiga gitaa akinitazama kupitia kioo. Mhandisi mmoja mzee aliyekuwa akipita akasimama mlangoni, akasikiliza kwa muda wa kumeza mate, akaingia chumbani, akaisogeza ile maiki ya nyuma mpaka ikawa umbali sawa na mwenzake kutoka kwenye gitaa, akatoka bila kusema neno. Gitaa likarudi.

Maelezo yake niliyapata darasani wiki iliyofuata. Maiki zile zilipishana kama sentimita 34 kutoka kwenye gitaa, umbali ambao sauti huupita kwa milisekunde 1. Sauti iliyochelewa milisekunde 1 ikichanganywa na ile isiyochelewa, zikiwa na nguvu sawa, hufutana kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea hivyo hadi juu, kama meno ya kitana. Wahandisi huita jambo hili tatizo la fezi, na ndilo chanzo cha kanuni kwamba ukitumia maiki mbili kwa watu wawili, umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kila maiki na mtu wake. Ningeweza kuisoma kanuni hiyo kwenye intaneti, na huenda nilikwisha kuisoma. Kilichoifanya ikae kichwani ni aibu ya mpiga gitaa aliyeningoja, na yule mzee aliyenyamaza.

Tufike kwenye hesabu, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Katika kozi nyingi za aina hii hesabu unayohitaji haizidi logarithimu, sini na kosini za pembe, na milinganyo midogo, pamoja na umeme wa mwanzo kama kanuni ya Ohm. Tofauti na shuleni, kila namba hapa ina sauti yake. Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ni logarithimu, na utaielewa siku utakaposikia kwamba kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo msikilizaji wa kawaida hulitambua kwa shida, ilhali ukisogea mara mbili ya umbali uliokuwa nao kutoka kwenye spika iliyo mahali pa wazi unapoteza desibeli 6. Mtu aliyeyashika hayo mawili hatanunua amplifaya kubwa pale ambapo angesogeza spika.

Vivyo hivyo na namba unazoziona kila siku kwenye programu yako bila kuziuliza zimetoka wapi. Kompyuta hainasi wimbi zima. Hulipima mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo. Kazi za wanasayansi Harry Nyquist za mwaka 1928 na Claude Shannon za mwaka 1949 ndizo msingi wa kanuni kwamba vipimo vinapaswa kuzidi mara mbili ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya juu kabisa unayotaka kuyahifadhi. Sikio la kijana mzima husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na ndiyo maana sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde. Kila biti ya kipimo (si biti zako za muziki, bali tarakimu ya kompyuta, 0 au 1) nayo huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini, kwa hiyo biti 16 zinatoa desibeli 96 na biti 24 zinatoa 144 kwa nadharia. Ukishaijua hesabu hiyo hutaogopa tena kurekodi mwimbaji kwa kiwango cha chini, na utaacha tabia ya kusukuma kila kitu mpaka taa nyekundu iwake, tabia iliyorithiwa kutoka enzi za mkanda na ambayo kwenye dijitali huleta mkwaruzo usiofutika.

Angalia hata hivyo kozi yako iko chini ya idara gani. Ikiwa ni shahada ya uhandisi yenyewe, inayolenga kubuni vifaa na kuandika programu za kuchakata sauti, hapo utakutana na kalkulasi, tena si kidogo, na hofu yako itakuwa na msingi. Ikiwa iko chini ya idara ya muziki au sanaa, hesabu itakuwa ile niliyoieleza, na kitakachokutoa jasho huenda kikawa nadharia ya muziki na usomaji wa nota. Omba orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, si kijitabu chenye picha.

Somo ambalo ningelitafuta kuliko yote katika orodha hiyo ni mazoezi ya masikio, na ninashangaa jinsi waombaji wachache wanavyoliulizia. Mwalimu hucheza muziki, akaongeza masafa fulani bila kukuonyesha, nawe unataja ni yapi: ni hezi 250, au ni 500? Mwanzoni unabahatisha. Baada ya miezi kadhaa ya dakika 20 kila siku unasikia sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa karibu mno na maiki na mkono wako unakwenda penyewe mahali panapovuma. Zoezi hilo pia hukufundisha kutoyaamini masikio yako kupita kiasi. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo sikio hupunguza usikivu wake kwa besi kuliko kwa masafa ya kati, ndiyo sababu wimbo wowote ukiuongeza sauti huonekana umependeza. Prodyuza wengi wa chumbani hupachika kifaa kipya cha programu, wakasikia wimbo umenoga, wakakisifu kifaa, kumbe kimeongeza desibeli 2 tu. Linganisha vitu viwili daima kwa ukubwa ule ule wa sauti, hata kabla hujaingia chuo chochote.

Na uyalinde masikio yako. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, hadi 100 kwa dakika 15. Ukishinda na hedifoni usiku kucha zikiwa juu, usikivu wa masafa ya juu huondoka kimya kimya na haurudi. Nimewajua mafundi wazuri waliofika umri wa kati wakiwa wanaumiksi ukali wa matoazi kwa kukisia.

Ukienda kukitembelea chuo, usivutwe na miksa kubwa yenye vitufe mia iliyopigwa picha kwenye bango. Miksa hiyo ina faida moja ya kweli: inakulazimisha kuielewa njia ya sauti, kutoka kwenye maiki na volti zake 48 za kuiwasha, kupita kwenye kikuza sauti, kwenda kwenye chaneli, kutoka kwenda kwenye kompresa na kurudi, hata ukipewa studio usiyoijua usiku wa manane na sauti haitoki, unajua pa kuanzia kutafuta. Lakini miksa iliyofungiwa haikufundishi chochote. Uliza kila mwanafunzi anapata saa ngapi za studio kwa wiki akiwa yeye ndiye anayeendesha, si akiwa mmoja wa watu kumi na wanane waliosimama nyuma ya mwalimu. Uliza kama kuna idara ya muziki jirani, kwa kuwa chuo kisicho na wapiga ala kitakufanya urekodi wanafunzi wenzako wanaopiga gitaa vibaya kwa miaka mitatu. Omba kusikiliza kazi ya mwanafunzi wa kawaida wa mwaka wa mwisho. Ile bora kuliko zote watakuchezea bila kuombwa. Uliza pia kama wanafundisha kulehemu kebo, maana mhandisi asiyeweza kutengeneza waya uliokatika dakika kumi kabla ya onyesho ni mzigo kwa wenzake. Cheti cha kampuni ya programu fulani wanachokuongezea juu ya stashahada usikipe uzito. Programu hubadilika, na anayeijua njia ya sauti huhamia nyingine kwa wiki mbili.

Ajira nitaizungumzia kwa ufupi. Hakuna mwimbaji atakayekuomba cheti. Atakuomba asikilize kazi zako. Wanaoomba cheti ni vituo vya utangazaji, vyuo, taasisi za umma na makampuni makubwa, na huko ndiko kwenye mishahara ya kila mwezi, kwa kuwa sauti inahitajika kwenye filamu, michezo ya kompyuta, majukwaa, kumbi za ibada na mikutano kuliko inavyohitajika kwenye albamu. Kwa sababu hiyo nisingechagua kozi isiyo na sauti ya jukwaani wala sauti ya picha. Huko viwango ni sheria: Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, kwa mfano, tangu mwaka 2010 unapendekeza ukubwa wa wastani wa kipindi uwe LUFS -23 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na ukipeleka kazi iliyopita hapo inarudishwa, hata iwe nzuri namna gani.

Iwapo utajiunga, nunua vitu vichache tu kwa sasa: hedifoni zilizofunga vizuri, kadi ya sauti yenye njia mbili, na maiki moja ya kawaida. Spika ziache mpaka utakapokuwa na chumba cha kuziweka. Kisha jizoeze jambo ambalo biti hazikukufundisha, yaani kumhudumia mtu aliye upande wa pili wa kioo. Panga maiki na ujaribu kebo zote kabla hajafika, andika jina la kila treki, hifadhi nakala za kazi mahali pawili zaidi ya kompyuta, na kabla ya kumlaumu mwimbaji kwamba anashuka chini ya nota, vaa hedifoni zake wewe mwenyewe usikilize anachosikia. Mara nyingi utakuta muziki umemfunika hata sauti yake haipati.

Kabla ya kutia sahihi, fanya ziara moja zaidi bila kumwarifu mtu. Nenda chuoni jioni, saa ambayo vipindi vimekwisha, ukatazame studio zao. Ukikuta wanafunzi wanavuta kebo sakafuni, mmoja amepiga magoti akisogeza maiki mbele ya ngoma na mwingine anampungia mkono kupitia kioo kwamba irudi nyuma kidogo, lipa ada hiyo. Ukikuta milango imefungwa, na ufunguo uko kwa karani aliyekwisha kwenda nyumbani, fedha zako zitafanya kazi zaidi kwingineko.